Kaunti 44 au kaunti 88: hotuba kwa raia wapya wa Ohio

(Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya Waswahili wa hapa Columbus: Wakenya, Watanzania, Wakongo, Warundi na ndugu zetu Wasomali Bantu, wengi wao wamepata uraia wa Marekani juzi juzi tu. Waliokosa kuja wameniomba niiweke kwa maandishi, na nimeiacha karibu kama nilivyoisema.)

Shikamooni wazee wangu. Kina mama, kina baba, vijana, hamjambo wote. Asanteni kwa kuja, najua wengine mmetoka zamu ya usiku hamjalala, na wengine mna zamu baada ya hapa, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye jambo lililonileta.

Wengi wetu tukishakula kiapo cha uraia tunajua haki moja tu, kwamba mwaka wa uchaguzi tutaenda kupiga kura, tutachagua rais, tutachagua gavana, basi. Lakini katika jimbo hili la Ohio mna haki nyingine ambayo watu wengi duniani hawana, tena hata majimbo mengi ya hapa hapa Marekani hayana. Mwananchi wa kawaida wa Ohio anaweza kuibadilisha katiba ya jimbo bila kumpigia mbunge magoti. Mnaandika wenyewe maneno mnayotaka yaingie kwenye katiba, mnakusanya sahihi, mnayapeleka kwa wapiga kura, yakipata zaidi ya nusu yanaingia. Gavana hana pa kuweka mkono hapo, na bunge halina pa kukataa.

Sasa mtu atasema, kama ni rahisi hivyo mbona katiba haibadilishwi kila mwezi? Si rahisi. Kwanza unapeleka sahihi 1,000 na muhtasari wa pendekezo lako kwa mwanasheria mkuu wa jimbo, yeye ana siku 10 za kuangalia kama huo muhtasari unasema ukweli wa kile unachopendekeza. Ukipita, kuna bodi inayoangalia kama pendekezo ni jambo moja au umebananisha mambo mawili matatu humo ndani. Baada ya hapo ndio kazi yenyewe inaanza, kwa sababu unatakiwa kukusanya sahihi za wapiga kura waliojiandikisha sawa na asilimia 10 ya kura zote zilizopigwa kumchagua gavana mara ya mwisho. Ukichukua uchaguzi wa gavana wa 2022 hiyo inakuja zaidi ya sahihi laki 4 na elfu 13, halafu kumbuka hizo ni sahihi halali, maana nyingi zitakatwa, kwa hiyo watu wanakusanya laki 6 au 7 ndio wapate uhakika.

Halafu sasa kuna sharti la pili na hili ndilo lililonifanya niombe muda wenu leo. Hizo sahihi haziwezi kutoka Columbus peke yake, au Columbus na Cleveland na Cincinnati. Ohio ina kaunti 88, na katiba inasema lazima kaunti zisizopungua 44, yaani nusu, kila moja itoe sahihi zisizopungua asilimia 5 ya kura za gavana zilizopigwa kwenye kaunti hiyo. Ukikusanya sahihi laki 8 lakini kaunti zilizofika kiwango ni 43, umekwama.

Naomba mnielewe hapa, maana hili sharti linaonekana ni la mawakili lakini linamgusa mama anayetoka dukani na mifuko yake. Hebu fikiria pale Reynoldsburg, ambako wengi wenu mnaishi au mna ndugu. Mama anasimama kwenye meza ya wakusanyaji nje ya duka, anasoma lile pendekezo, anakubaliana nalo, anachukua kalamu. Mkusanyaji kabla hajampa karatasi anamuuliza, mama unaishi kaunti gani? Na mama anajibu, mimi naishi Reynoldsburg. Jibu hilo halitoshi! Reynoldsburg imegawanyika kaunti tatu, kuna mitaa iko Franklin, kuna mitaa iko Licking, kuna mingine iko Fairfield, na sheria ya Ohio inataka kila kijitabu cha sahihi kiwe na watu wa kaunti moja tu. Kwa hiyo mkusanyaji anayejua kazi yake anakuwa na vijitabu vitatu pale mezani, na ukisaini kwenye kijitabu cha Franklin wakati nyumba yako iko Licking, sahihi yako inakatwa, haihesabiwi Franklin wala haihamishiwi Licking. Westerville ni hivyo hivyo, kuna Franklin na kuna Delaware. Dublin nayo imegusa kaunti tatu.

Na kwenye ile karatasi yenyewe kuna nafasi ya sahihi, ya kaunti, ya mji au taunishipu, ya anwani, na tarehe. Lazima uandike kwa wino, penseli hapana. Anwani iwe ile ile uliyojiandikishia kura, kama umehama kutoka apatimenti moja kwenda nyingine hujabadilisha, sahihi yako iko hatarini. Mkusanyaji naye lazima akuone kwa macho yake unasaini, hawezi kukupa ukapeleke nyumbani kwa mume wako asaini halafu ukarudisha, na mwishoni anaandika idadi ya sahihi alizozishuhudia, akiandika idadi pungufu ya zilizomo, kijitabu kizima kinaweza kutupwa, na jasho la watu wote waliosimama juani limekwenda hivyo hivyo. Chini kabisa ya karatasi kumeandikwa kwa herufi kubwa kwamba kudanganya kwenye shughuli ya uchaguzi ni kosa la jinai la daraja la tano. Na hapa nasema kwa msisitizo kwa ndugu zetu ambao bado mna grinikadi: msisaini. Hata kama mnaliunga mkono pendekezo kwa moyo wote, hata kama mkusanyaji anawabembeleza, ngojeni mpate uraia na mjiandikishe kwanza. Sahihi yako haitahesabiwa na unaweza kujiletea matatizo kwenye faili lako la uhamiaji.

Hili sharti la kaunti lilitoka wapi? Lilitoka 1912. Mwaka huo Ohio ilikaa mkutano wa katiba hapa hapa Columbus, na ulikuwa wakati ambao watu walikuwa wamechoshwa na bunge, waliona wabunge wako mifukoni mwa kampuni za reli na matajiri wa viwanda. Theodore Roosevelt aliyekuwa rais zamani alikuja akahutubia mkutano ule mwezi wa Februari akiunga mkono wananchi kupewa uwezo wa kutunga sheria wenyewe. Septemba 1912 wapiga kura wakapitisha. Lakini wajumbe wa mashambani walikuwa na wasiwasi wao, walisema jamani miji inakua haraka, Cleveland ile na Cincinnati, watu wa mjini watakusanya sahihi kwenye mitaa yao wenyewe wabadilishe katiba wakati sisi tuko shambani hata habari hatujapata. Ndio wakakubaliana: nusu ya kaunti.

Na mimi nasema wazi kwamba hofu ile ilikuwa ya haki. Nimekulia kijijini, najua maana ya uamuzi kufanyika mji mkuu halafu nyinyi mnaletewa tangazo tu. Katiba ni ya wote, na mtu anayetaka kuibadilisha si vibaya aambiwe toka huko uliko, nenda kaongee na mkulima wa mahindi kule Mercer, nenda kaongee na mtu wa milimani kule kusini mashariki, msikilize, mshawishi. Kwa hiyo msidhani nimekuja hapa kusema sharti la kaunti lifutwe. Nusu ya kaunti kwa asilimia 5, limekaa zaidi ya miaka 100, vikundi vya mrengo huu na vya mrengo ule vimelitimiza, na wananchi wamepitisha mambo na kukataa mengine. Sharti linalokutaka uzunguke ni sharti zuri.

Ila kuna tofauti kubwa sana kati ya kuambiwa zunguka na kuambiwa lazima ufike kote bila kukosa hata sehemu moja. Hapo ndipo ninapotaka masikio yenu.

Mnakumbuka Agosti 2023? Wengine mlikuwa hamjawa raia bado. Bunge la Ohio lilipeleka kwa wapiga kura pendekezo lililoitwa Issue 1, na lilikuwa na mambo matatu. La kwanza, badiliko la katiba lihitaji asilimia 60 badala ya zaidi ya nusu. La pili, kaunti zitoke 44 ziwe zote 88. La tatu, zile siku 10 za nyongeza zifutwe. Hizi siku 10 niwaeleze: ukipeleka sahihi zikahesabiwa zikapungua, sheria inakupa siku 10 ukaongeze. Mwaka 2015 kundi lililotaka bangi iruhusiwe lilipungukiwa karibu sahihi elfu 30, likarudi mtaani ndani ya siku hizo 10, likaongeza, likaingia kwenye kura, na wananchi wakalikataa Novemba. Mmeona, siku 10 hazikumpa mtu ushindi, zilimpa nafasi ya kuulizwa tu.

Watu walizungumza sana kuhusu ile asilimia 60, matangazo yote kwenye tivii yalikuwa juu ya 60, na wengi walijua kilichokuwa nyuma yake, kwamba Novemba ile ile kulikuwa na pendekezo la haki ya kutoa mimba linakuja. Suala hilo lenyewe siliingii leo, humu ndani tuna mashehe na wachungaji na madaktari, tunatofautiana na tutaendelea kutofautiana kwa heshima. Ila mimi kilichonikosesha usingizi hakikuwa 60. Kilikuwa 88. Kwa sababu 60 ni mlima lakini angalau umefika kwa wapiga kura na wao ndio wameamua. Kwa 88, pendekezo lenu linaweza kufa kabla mpiga kura mmoja hajaulizwa.

Twendeni kwa hesabu taratibu. Kaunti yetu ya Franklin kwa sensa ya 2020 ina watu zaidi ya milioni 1 na laki 3. Kaunti ya Vinton, kusini kule kwenye misitu, ina watu karibu elfu 12 na mia 8. Franklin ni zaidi ya mara mia ya Vinton. Asilimia 5 ya kura za gavana kule Vinton ni sahihi mia chache tu, mtu anaweza kusema kumbe ni rahisi, si unatuma vijana wawili wikiendi moja? Sawa, watume. Sasa wafike kule wakusanye, halafu nusu ya sahihi zikatwe kwa sababu watu wamehama, au wameandika sanduku la posta badala ya nyumba, au mkusanyaji amekosea idadi. Mmepungukiwa sahihi 20 Vinton. Kwingine kote mmepata, jimbo zima mna sahihi laki 6, kaunti 87 zimepita vizuri, na siku 10 za nyongeza hazipo tena. Mmekwisha. Watu laki 6 wamezuiwa na upungufu wa watu 20, tena wale 20 hata hawakusema hapana, walikuwa kazini tu siku ile.

Ni kama nyumba ya urithi ambayo ndugu wote wanapewa ufunguo, na ili kufungua lazima funguo zote ziwepo kwa pamoja. Ndugu mmoja akisafiri, nyote mnalala nje. Na mwenye pesa hahangaiki kupambana nanyi jimbo zima, anachagua kaunti moja au mbili ndogo, anapeleka watu wake kule wawashawishi wakazi wasisaini, matangazo kidogo ya redio, imetosha. Hapo ndipo ninaposema sharti limegeuka. Mwanzoni lilikuwa linamlinda mtu wa Vinton asipuuzwe, sasa linamfanya mtu yeyote anayeweza kuiteka Vinton awe mkubwa kuliko Ohio nzima.

Na kumbukeni mlolongo wake. Desemba 2022 bunge hilo hilo lilikuwa limepitisha sheria ya kuondoa karibu chaguzi zote za Agosti kwa sababu watu hawajitokezi, ile ya Agosti 2022 walikuja kama asilimia 8. Miezi michache baadaye wakaitisha ya Agosti, kesi ikaenda mahakama ya juu ya jimbo, ikaruhusiwa kwa majaji 4 dhidi ya 3. Lakini watu wa Ohio walikuja, tarehe 8 Agosti walipiga kura zaidi ya milioni 3, na asilimia kama 57 wakasema hapana. Kaunti zikabaki 44. Lile pendekezo la Novemba lilipopelekewa sahihi lilikuwa na sahihi halali zaidi ya laki 4 na elfu 95, na lilivuka kiwango kwenye kaunti 55. Kaunti 55 ni nyingi, ni zaidi ya zinazotakiwa, na kwa sharti la 88 lisingefika popote. Msilichukue jambo hili kama limekwisha, maana mapendekezo kama haya yakishindwa mwaka mmoja yanarudi mwaka mwingine na jina jipya.

Arkansas wanajua. Kule kuna kaunti 75 na katiba yao inataka sahihi zitoke angalau kaunti 15. Mwaka 2020 bunge liliwauliza wananchi mnaonaje ziwe 45, wananchi wakakataa kwenye kura. Mwaka 2023 bunge likapitisha sheria ya kawaida, bila kuwauliza tena, ikasema kaunti 50. Yaani wamekataa 45 wakapewa 50. Watu wakaenda mahakamani kuipinga.

Mississippi ndio inayoniuma zaidi, na naomba vijana mnaosomea sheria mkaisome hukumu yake. Wao katiba yao haikutaja kaunti, ilisema hivi: hakuna eneo bunge la Kongresi linaloweza kutoa zaidi ya sehemu moja ya tano ya sahihi. Wakati linaandikwa walikuwa na maeneo bunge matano, kwa hiyo tano mara moja ya tano inatimia, vizuri kabisa. Ikaja sensa ya 2000, Mississippi ikapoteza kiti kimoja, maeneo yakabaki manne. Fanyeni hesabu wenyewe, nne mara moja ya tano ni nne ya tano, haifiki hata siku moja. Watu waliendelea na utaratibu kwa kutumia yale maeneo matano ya zamani, na Novemba 2020 wananchi wakapitisha kwa kura nyingi sana pendekezo la bangi ya matibabu, kuna wagonjwa wa kansa waliokuwa wakiisubiri. Tarehe 14 Mei 2021 mahakama ya juu ya Mississippi ikasema kwa majaji 6 dhidi ya 3, katiba inasema moja ya tano, maeneo ni manne, haiwezekani, pendekezo limefutwa. Na haikufutika lile moja tu, haki yenyewe ya wananchi kupendekeza badiliko la katiba ikafa siku ile, kwa sababu hakuna atakayeweza kulitimiza lile sharti. Miaka ikaja ikapita bunge likijadili kuirudisha bila kuirudisha. Sharti la ramani liliandikwa bila kufikiria kwamba ramani inabadilika, na jimbo zima likapoteza sauti.

Mahakama ya juu kabisa ya Marekani nayo ilishawahi kuligusa jambo linalofanana na hili, ingawa ilikuwa ni sahihi za wagombea. Illinois walikuwa na sheria kwamba ukitaka kuingiza wagombea wako wa kujitegemea kwenye kura ya urais ulete sahihi elfu 25, na ndani yake ziwemo sahihi 200 kutoka kila moja ya kaunti 50 angalau, kati ya kaunti 102. Mwaka 1968 watu fulani wakaleta sahihi elfu 26 na mia 5, idadi wamepitisha, lakini kaunti hawakutimiza. Kesi inaitwa Moore dhidi ya Ogilvie, ikaamuliwa 1969. Jaji Douglas akaandika kwamba kaunti 49 kubwa zina asilimia 93.4 ya wapiga kura wa jimbo, na zile 53 zilizobaki zina asilimia 6.6. Maana yake asilimia 93 ya wananchi wakikubaliana wote kabisa hawawezi kuunda chama kipya, na wale asilimia 6.6 wanaweza. Sheria ikaanguka.

Baada ya hapo Nevada nao walikuwa na sharti la kaunti 13 kati ya 17, mahakama zikalivunja kwa sababu hizo hizo, wakaja na njia nyingine, sahihi zitoke kila eneo bunge la Kongresi, na 2012 mahakama ya rufaa ikalikubali kwa sababu maeneo ya Kongresi yana watu karibu sawa. Colorado nayo mwaka 2016 wapiga kura walipitisha kwamba badiliko la katiba lilete asilimia 2 ya wapiga kura kutoka kila eneo la seneti ya jimbo, na yako 35. Yote 35. Jaji wa kwanza akalikataa, mahakama ya rufaa 2019 ikalirudisha, ikasema maeneo yana watu sawa. Sawa, kisheria limepita, na mimi siyo jaji. Lakini maeneo kulingana kwa watu kunatibu ugonjwa mmoja tu, ule wa mtu mmoja kuwa mzito kuliko mwingine. Ule wa pili, wa sehemu moja kuzuia zote, umebaki pale pale, na anayeweza kumudu kulipa wakusanyaji kwenye milima yote ya Colorado ni mwenye fedha nyingi. Kikundi cha walimu au cha akina mama wa kanisani hakiwezi. Wanaoleta masharti haya husema wanazuia matajiri wasinunue katiba, kumbe matajiri ndio pekee wanaobaki na nauli ya kufika kote.

Mzee mmoja kabla hatujaanza aliniuliza, mwanangu, haya ya Ohio tumeyasikia, na kwetu je? Nikamwambia nitayasema.

Ndugu zangu Wakongo, katiba yenu ya 2006, ibara ya 218, inawapa raia 100,000 haki ya kupendekeza marekebisho kwa petisheni kwenye bunge. Haisemi watoke mikoa mingapi. Watu laki moja wanaweza kutoka Kinshasa peke yake, na Bukavu wakasikia redioni. Ndugu Watanzania, nyinyi hamna njia ya wananchi kuanzisha badiliko la katiba, lakini mgombea urais wenu anatakiwa apate wadhamini 200 kutoka kila mkoa katika mikoa 10, na miwili kati ya hiyo iwe ya Zanzibar. Hilo ni sharti la ramani la aina ile ile, na mmeona limewekwa kwa kiasi, mikoa 10, siyo yote.

Kenya kwetu ibara ya 257 inataka sahihi milioni 1 za wapiga kura waliojiandikisha, na haijali zimetoka wapi. Mwaka 2022 tulikuwa na wapiga kura zaidi ya milioni 22, na Nairobi peke yake ina zaidi ya milioni 2 na laki 4, kwa hiyo unaweza kuzunguka na matatu tu ukamaliza kazi. Usambazaji umewekwa baadaye: mswada uende kwa mabunge ya kaunti 47, angalau 24 yaupitishe ndani ya miezi mitatu. Na tumeona yaliyotokea. Okoa Kenya, kampeni ya upinzani, 2016 walileta sahihi nyingi lakini tume ya uchaguzi ikasema halali ni 891,598, wakaishia hapo. Punguza Mizigo, mswada wa mwanasiasa Ekuru Aukot, 2019 ilivuka milioni, tume ikathibitisha, ikafika kwenye mabunge ya kaunti ikaangushwa moja baada ya nyingine. Ule mswada ulitaka kupunguza gharama ya viongozi, na waliopewa kazi ya kuupima ni viongozi. Halafu BBI, yaani mpango wa maridhiano wa Building Bridges Initiative, ambayo nyuma yake alikuwepo rais aliyekuwa madarakani, Uhuru Kenyatta, ikapitishwa na mabunge ya kaunti zaidi ya 40, mpaka mahakama zikaisimamisha, na Mahakama ya Juu tarehe 31 Machi 2022 ikasema rais hawezi kuanzisha mchakato ambao katiba imewapa wananchi.

Kwa hiyo mzee wangu, jibu langu kwa Kenya ni hili. Ningetaka usambazaji uhesabiwe kwa sahihi za wananchi, pale pale mwanzoni, kwa sababu MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, anaweza kupigiwa simu usiku mmoja lakini wakazi elfu kadhaa wa Turkana huwezi kuwapigia simu wote. Milioni 1 ibaki, na ndani yake kaunti 24 kati ya 47 kila moja itoe kiwango kidogo cha wapiga kura wake, tuseme asilimia 2. Lamu yenye wapiga kura elfu 80 na kitu itatakiwa kutoa kama 1,600, inawezekana kwa siku chache kama hoja ina maana kwao, na Lamu isipotaka, Tana River au Isiolo au Taita Taveta wapo. Isiandikwe kaunti zote 47. Isiandikwe kikomo cha kaunti moja kama Mississippi. Sahihi zikipungua wapewe siku za kuongeza kama hapa Ohio. Halafu mabunge ya kaunti yatoe maoni yao kwa maandishi wananchi wayasome, ila yasiwe na uwezo wa kuua mswada. Kura ya maoni yenyewe kwa mambo mazito tayari ina ulinzi wake, lazima asilimia 20 ya waliojiandikisha wajitokeze kwenye angalau nusu ya kaunti, hilo silitikisi.

Sasa turudi hapa Ohio tumalize, maana naona saa. Nyuma pale kwenye meza kuna dada zetu wawili wana kompyuta. Kila aliye raia na amejiandikisha apite pale, wamwangalizie mambo mawili: anwani yake kwenye daftari la wapiga kura kama ni ya nyumba anayolala leo, na kaunti yake ni ipi kwa uhakika. Wa Reynoldsburg, Westerville, Dublin na Pickerington tafadhali muwe wa kwanza. Wanaotaka kujifunza kukusanya sahihi, waandike majina upande wa kulia, tunahitaji hasa wenye magari ambao wako tayari kwenda Licking na Fairfield, na wale wenye ndugu Dayton na Akron tuongee kabla hamjaondoka.